Siku ya Kumnawisha Mkunga

Mimi ni fundi wa majiko na mabomba ya moshi, na sipendi sherehe. Watu wa kijiji chetu, Gorno Sedlo, wanalijua hilo. Wakinialika harusini huwa wameialika akodiani yangu, na mimi naambatana nayo kwa sababu haiwezi kutembea peke yake. Nyama naila, nyimbo napiga, mikono inavuta na kubana, lakini uso wangu, kwa maneno ya wanawake wa hapa, unabaki kama wa mtu aliyekanyagwa kidole.

Kwa hiyo Nevena alipoingia karakanani kwangu katikati ya Januari, theluji imemjaa kwenye mabuti, nilijua anataka kuniingiza kwenye jambo.

"Kaka Ognyan, hujambo?"

"Sijambo, na jibu ni hapana."

"Mbona sijakuuliza kitu?"

"Ndiyo nimekuokolea muda."

Akacheka, akaketi juu ya mfuko wa saruji bila kukaribishwa. Nevena ni katibu wa ukumbi wetu wa kusomea. Ukumbi wenyewe una vitabu ambavyo panya wameshavimaliza kabla yetu, jukwaa dogo, na jiko nililolijenga mimi. Cheo chake hakimtishi mtu, lakini sijaona binadamu mwenye jicho kama lake. Mzee Gencho, daktari wa mifugo mstaafu, alipofiwa na mkewe alikaa dirishani miezi mitano bila kutoka nje. Sisi wengine tulimpelekea supu. Nevena alimpelekea mbuzi. "Daktari, huyu tangu jana hali, hebu nitazamie," akamwambia, akamfunga mbuzi uani na kwenda zake. Mbuzi alikuwa mzima kabisa, alikuwa anatafuna hata kamba yake. Gencho aliligundua hilo ndani ya dakika mbili. Akavaa koti, akashika njia kumfuata Nevena ili amtukane, na njiani akasimamishwa na watu watatu wenye ng'ombe. Tangu siku hiyo kile kiti cha dirishani analalia paka. Nikikuambia namheshimu huyo dada, uelewe kwamba kuheshimu watu si tabia yangu.

"Tarehe ishirini na moja ni siku ya mkunga," akasema. "Na Jumamosi yake Bibi Stamena anahama. Binti yake anakuja kumchukua, wakaishi wote mjini Plovdiv."

Hapo niliweka nyundo chini.

Kila mtu wa hapa aliyevuka miaka arobaini alipokelewa duniani na mikono ya Bibi Stamena, nami nimo. Ila kuja kwangu mimi kulikuwa na msiba. Mama yangu, Vasilka, alifariki siku ileile niliyozaliwa. Baba hakuniambia neno hata moja kuhusu siku hiyo mpaka anaingia kaburini. Nilikua nikijua kwamba mimi niliingia na yeye akatoka, basi. Swali moja limenikaa kooni kwa miaka hamsini na minane: je, aliniona? Mtu pekee aliyekuwa chumbani mle na bado yu hai ni Bibi Stamena, na kwa kuwa niliogopa jibu lake, kila nilipomwona anakuja nilivuka barabara. Nilivuka nikiwa mtoto, na nilikuwa navuka bado na mvi zangu.

"Akishaenda Plovdiv utapanda treni ukamuulize?" Nevena akasema taratibu. "Wewe? Wewe ambaye hata duka la ng'ambo ya mto hulijui?"

"Nani kakuambia nina la kumuuliza?"

"Miguu yako. Kijiji kizima kinaiona ikivuka."

Nikasema, "Siku ya mkunga ni ya wanawake. Mwanaume akionekana nje wanamvua kofia, wengine mpaka suruali."

"Mpiga muziki anaruhusiwa. Anavaa sketi na kitambaa cha kichwa."

"Dada, toka karakanani kwangu."

"Nimeshakuazimia sketi ya Penka mwokaji mikate. Itakupwaya kidogo," akasema, na akatoka kweli.

Siku yenyewe ilipofika, wanaume walijifungia ndani mapema. Mwenyekiti wa kijiji alijidanganya kwamba cheo kitamlinda. Akakamatwa mbele ya duka la mikate, akavuliwa kofia, na akaikomboa kwa dumu la divai. Mimi nilipita katikati ya wanawake wale nimevaa sketi yenye maua mekundu, akodiani kifuani, wakinipigia miluzi.

"Jamani, binti huyu ni wa nani?"

"Mtoto wa watu, ila ndevu ndizo zimemharibia!"

"Muulizeni kama ameposwa!"

Nilikunja uso, na walifurahi zaidi.

Bibi Stamena walimvuta kwa kamba juu ya sleji, kigari cha kutelezea thelujini, wanawake wanane, kutoka kwake mpaka ukumbini. Walimvisha shada la pilipili nyekundu zilizokaushwa, kama ilivyo desturi, wakamkalisha mbele ya jukwaa, beseni miguuni. Desturi inataka kila mwanamke amwagie mkunga maji mikononi, ampe sabuni, amfute kwa taulo jipya, taulo libaki kuwa lake. Lakini Bibi mikono aliificha chini ya aproni na hakuitoa. Vidole vyake vimepindapinda kwa ugonjwa wa viungo, na ni miaka sasa hali mbele za watu. Alikaa pale amenyooka, midomo ameibana, akitazama mlango.

Nevena akasimama na karatasi. Ilikuwa barua ya shukrani kutoka ofisi za mjini, yenye mhuri, inataja huduma iliyotukuka na vizazi na vizazi. Alisoma vizuri. Alipomaliza tukapiga makofi.

"Mmemaliza?" Bibi akauliza. "Nina mizigo ya kufunga."

Ukumbi ukapoa. Nilimtazama Nevena, nikaona uso wake unavyobadilika, na nikasema moyoni, leo amekosea hata yeye. Nilimwonea huruma, maana alikuwa ameandaa wiki nzima.

Nevena akaikunja barua, akafungua mlango wa jiko, akaitia motoni na mhuri wake.

"Unisamehe, Bibi," akasema. "Hiyo ilikuwa sherehe ya kutufurahisha sisi, si wewe." Kisha akachukua jagi la maji ya vuguvugu, akapiga magoti mbele ya beseni. "Mama yangu alikufa kabla sijapata akili ya kumuuliza, na baba alikuwa safarini. Hakuna anayejua tena ila wewe. Mimi nilikujaje?"

Bibi akamtazama kwanza kwa mashaka, kama mtu anayeuziwa kitu.

"Wewe?" akasema. "Wewe ulitanguliza makalio."

Mtu mmoja nyuma akacheka na kujiziba mdomo.

"Makalio kabisa! Nikasema, huyu ameanza kuwageuzia watu mambo hata hajazaliwa. Ikabidi nikushike hivi, huku juu, nikubembeleze taratibu, hivi, mpaka uzunguke." Mikono ikatoka chini ya aproni kuonyesha, ile ile mikono iliyopinda, ikaizungusha hewani mimba isiyokuwepo, kwa ustadi ambao sikuwahi kuuona kwa fundi yeyote. "Nusu saa nzima nakubembeleza. Mama yako akaniambia, mwache akae humohumo kama hataki."

Nevena akammwagia maji palepale, na Bibi akanawa bila kujua kwamba ananawa.

Baada ya hapo hapakuwa na wa kumzuia mtu. Walisukumana kama wanagawiwa sukari. Penka alipenya wa pili.

"Na mimi, Bibi?"

"Kilo tano na nusu. Mama yako alinitukana matusi ambayo sijayasikia tena mpaka leo, na mimi nimeolewa na dereva wa lori."

Watu walivunjika mbavu. Tota, aliyemfuata Penka, alielezwa kwamba mama yake alikataa kwenda kujifungua mpaka amalize kushindilia kabichi ya kuchachusha kwenye pipa na kuweka jiwe juu ya kifuniko, na kwamba kabichi ya mwaka ule ilikuwa tamu sana. Mwanamke mmoja wa makamo, mpole, ambaye kijiji kizima kilijua baba yake alitaka mtoto wa kiume, alimwaga maji bila kuuliza kitu. Bibi akamshika mkono.

"Baba yako alikaa nje na chupa ya rakia, ile pombe kali ya matunda," akamwambia. "Nikatoka nikamwambia ni msichana. Akanyamaza. Akanyamaza tena. Halafu akaniuliza, ana nywele? Nikamwambia anazo, nyeusi. Basi akafungua chupa, akanimiminia mimi kwanza."

Yule mwanamke alirudi kukaa akiwa analia waziwazi, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na akodiani yangu nikiwaza kwamba katika harusi zote nilizopiga sijawahi kuona watu wakipewa kitu cha namna hii. Kila mmoja alikuwa anaondoka pale na saa yake ya kwanza duniani, na aliyeigawa alikuwa bibi anayezidi kunyooka mgongo kadiri anavyogawa. Na yote hayo yalifunguliwa na Nevena kwa swali moja, baada ya kukubali mbele za watu kwamba ameanza vibaya. Kuna watu wangekufa kwanza kabla ya kuichoma barua ile.

Kisha foleni ikaisha. Bibi akainua macho, yakaja moja kwa moja kwangu.

Nilianza kupiga wimbo haraka, wimbo wowote, na niliupiga vibaya kuliko siku zote za maisha yangu. Nevena akaja akaweka kiganja chake juu ya akodiani.

"Bado mmoja," akasema.

"Mwanaume hamwagii mkunga maji," Tota akalalamika. "Haijapata kutokea."

"Mwanaume yuko wapi?" Penka akamjia juu. "Mimi hapa naona sketi yangu tu."

"Muacheni," Bibi akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Huyo hataki. Ananichukia, na ana haki yake. Miaka yote hiyo akiniona anavuka barabara."

Sikuwa nimefikiria hilo hata siku moja. Nilijua naogopa. Sikujua kwamba upande wa pili wa barabara kulikuwa na mtu anahesabu kila ninapovuka na kuweka moyoni kwamba nimemhukumu. Niliona haya, haya ya kweli, ya kutaka kuingia ndani ya jiko langu mwenyewe.

"Sikuchukii, Bibi," nikasema. "Nakuogopa."

Nikavua akodiani, nikachukua jagi, nikapiga magoti, na sketi ikanizingira pande zote. Yeye akanyoosha mikono. Nikaanza kumwaga.

"Aliniona?"

"Kukuona?" Bibi akasema, kama vile nimemtukana. "Alikuona, akakunusa, akakupekua mpaka nyayo! Wewe ulikuja alfajiri, yeye akaenda saa nne asubuhi. Damu ilikuwa imeanza hata hujalia, kwa hiyo hilo usijibebeshe. Daktari alikwama kwenye theluji ng'ambo ya mto. Mimi nilifanya yote ninayoyajua, na hayakutosha." Akageuza viganja chini ya maji. "Nikakuweka kifuani kwake bila nguo. Akasema, Stamena, mtazame masikio, huyu atasikia mpaka ya majirani. Na wewe, mwanangu, ukamkojolea."

"Nikafanya nini?"

"Ukamkojolea. Si kidogo, shingoni mpaka kidevuni. Basi akacheka! Nikamwambia, Vasilka, nyamaza, tunza nguvu. Akaniambia, niache nicheke, huyu ni wangu. Alicheka mpaka machozi. Nikachukua kitambaa nimfute, akanishika mkono. Akasema, acha, ina joto."

Maji yalikuwa yamekwisha ndani ya jagi, nami bado nilikuwa nimeliinamisha.

"Siku ya mazishi nilimweleza baba yako," Bibi akaendelea. "Nilidhani itamfariji. Akaniambia nisithubutu kulitaja tena, kwamba siku ile haikuwa ya vicheko. Nikaufunga mdomo. Wewe ulipoanza kunivukia barabara, nikasema, basi, baba yake amemwambia anichukie."

Kuni zililia ndani ya jiko. Kisha nyuma yangu nikamsikia Penka akijikaza, akijikaza, na akashindwa. "Yaani, jamani, alimkojolea!" akapaza sauti, na wote wakaangua kicheko, Bibi Stamena naye, pilipili zikimrukaruka kifuani. Nami nilicheka na kulia kwa pamoja, bila haya, mimi ambaye tangu nipate akili niliamini kwamba siku ile hakuna mtu aliyefurahi kuniona.

Nevena akanijazia jagi upya. Nikaishika mikono ile iliyopinda, nikaimwagia polepole.

"Rudia, Bibi," nikasema. "Anzia pale nilipomkojolea."