Kiazi cha Majani Matatu

Nilimsomea Bibi Ruthu karatasi yake mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alicheka, nami nikadhani amefurahi.

Tulikuwa nyumbani kwake, mbele kidogo ya Buigiri, yeye akipepeta mtama mchache uliobaki. Karatasi ile ilikuwa na maneno yake mwenyewe. Miezi minne nyuma aliyasema mbele ya redio kaseti yangu, nami nikayapiga kwenye kompyuta ya mradi wetu mdogo pale Ipagala, pamoja na maneno ya wanawake wengine kumi na wanane. Yalihusu vyakula vya porini, vile ambavyo watu wa huku walikula miaka ya njaa. Mwaka ule wa 2000 mvua ilikuwa imekatika mapema, na tulitaka kila mwenye shida ajue la kufanya. Kwenye kila disketi nilibandika maandishi: Nakili, mpe mwenzako, usiuze. Mwenzangu Gideoni, fundi wa kompyuta, aliiweka kazi yote kwenye tovuti, ili hata aliye mbali aisome bure.

"Kisome tena kile kiazi," bibi alisema.

Nikasoma. Kiazi cha porini chenye majani matatu. Menya, kata vipande, chemsha mpaka kilainike, kula na mlenda.

"Halafu?"

"Ndiyo mwisho, bibi."

Aliweka ungo chini. "Nani kakwambia ndiyo mwisho?"

Kaseti iliishia hapo. Nilikumbuka kwamba siku ile alinyamaza akanitazama, nami kwa kuona haya nikainamisha macho, nikashukuru, nikabonyeza kitufe.

"Kwetu sisi mwanafunzi huuliza kilichobaki," alisema. "Marehemu mama hakunifundisha hata kutibu kuku mpaka niulize. 'Kimebaki nini, mama?' Ukiuliza, unapewa. Asiyeuliza hana haja ya kupika, anataka hadithi. Wewe hukuuliza. Nikasema, huyu binti wa chuo anakusanya hadithi zake, siku akitaka kupika atarudi."

"Kimebaki nini, bibi?"

"Maji. Vipande vilale kwenye maji siku tatu. Asubuhi unamwaga, jioni unamwaga. Bila hivyo ni sumu, mjukuu wangu. Kinaangusha mbuzi."

Nilitoa kalamu, nikaandika pembeni mwa karatasi: siku tatu.

"Karatasi hii umempa nani?" aliuliza.

Disketi zilikwenda kumi na mbili. Kumi na moja zilikuwa bado kwenye meza za watu mjini. Lakini ya kumi na mbili aliichukua Sostenes, bwana shamba wa kijiji kimoja njia ya Mtera. Asubuhi ileile nilikuwa nimepokea barua yake kupitia kondakta wa basi. Alisema ameichapisha mjini, ametoa kopi arobaini, na Jumamosi atawasomea wananchi mkutanoni ili Jumapili waingie porini kuchimba. Niliisoma barua ile nikitabasamu, nikaikunja vizuri na kuitia kwenye mkoba. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu; Jumamosi na Jumapili zilikuwa zimeshapita.

Sikumbuki nilivyoaga. Nakumbuka bibi akiniita kutoka mlangoni, "Siku tatu, usisahau, siku tatu," kama mtu anayemwagiza mtoto dukani.

Pale Ipagala Gideoni alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaketi kwenye kompyuta. Simu ya mtandao ililia kwa muda, ikashika. Akaandika, akabonyeza.

"Tazama, dada Elieth. Imekwisha. Kuanzia sasa popote duniani kiazi kinalala majini siku tatu."

Nilitazama kioo. Dakika sita. Pale palipokuwa na kosa langu hapakuwa hata na alama.

"Na zile karatasi arobaini?" niliuliza.

Akaacha kutabasamu. Kijiji kile hakikuwa na simu. Akachukua ufunguo wa gari la mradi.

Njiani Gideoni aliendesha kwa kasi. Nilikuwa nahesabu: wamechimba Jumapili, wamemenya Jumapili jioni, wamechemsha. Kila nilipohesabu nilifika kwenye sahani.

Tulipofika saa tisa alasiri, wanawake wengi walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha zahanati. Nilipoona ni zahanati, sikushuka. Gideoni ndiye aliyenifungulia mlango wa gari.

Mbele ya wanawake kulikuwa na vikapu vimejaa viazi. Vilikuwa na udongo bado. Hakuna hata kimoja kilichomenywa.

"Shikamooni," nilisema. "Mmekula?"

"Marahaba. Tule nini?" alijibu mama mmoja mrefu, ambaye wenzake walimwita Evodia. "Bwana shamba alisoma karatasi mpaka chini. Tukamuuliza, kimebaki nini? Akasema hakuna kilichobaki, karatasi imeisha. Tukamuuliza tena. Akasema nyie kina mama mna ushirikina. Basi tukachimba, tukaviweka, tukasubiri atakayejua."

"Yeye mwenyewe yuko wapi?"

Wakatazamana. Evodia akanyoosha kidevu kuelekea dirisha la zahanati.

Sostenes, mtu wa Moshi asiyejua mila za huku, alilala kitanda cha kwanza, midomo imevimba, dripu mkononi. Mganga wa zahanati alisema alitapika usiku kucha na alipata degedege mara moja, ila alfajiri alianza kutambua watu. Aliponiona alijitahidi kuinua kichwa.

"Nilikula mbele yao," alisema taratibu, ulimi ukimsumbua. "Waache uoga. Sahani moja tu. Nilifuata karatasi, Elieth. Neno kwa neno."

"Ulifuata," nilisema. "Karatasi ndiyo mbovu. Mimi ndiye niliyekosea."

Alifumba macho. Sijui kama alinisikia.

Nilitoka nje. Sijawahi kusema mbele ya watu zaidi ya watano bila sauti kunipotea, na pale walikuwa kama hamsini. Nikasema viazi vile ni sumu. Nikasema kilichobaki: siku tatu, maji asubuhi, maji jioni. Nikasema nilipofundishwa sikuuliza, na kwamba bwana shamba amelala mle ndani kwa sababu hiyo.

Hakuna aliyenigombeza. Evodia alichukua karatasi kutoka kwa jirani yake, akaigeuzageuza, ingawa niliona haisomi.

"Humu kuna vyakula vingapi?"

"Arobaini na kimoja."

"Na hivyo vingine arobaini, uliuliza?"

Gideoni alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akivuta pumzi. Nilikumbuka kaseti zote, jiko moja baada ya jingine, akina mama wakinyamaza mwishoni na kunitazama, nami nikiinama na kusema asante sana. Niliuchukulia ukimya ule kuwa uchovu.

"Hapana," nilisema. "Sikuuliza hata kimoja."

Evodia alisogea, akaniachia nafasi kwenye benchi, akanirudishia karatasi.

"Kaa. Anza juu."

Nilikaa. Nikasoma cha kwanza, mboga ya majani niliyopewa na mama mmoja wa Chamwino, niliyoipenda kwa ufupi wake: chuma, osha, chemsha, kula. Nikafika mwisho, nikainua macho.

"Halafu?" walisema wanawake wanne kwa pamoja.