Kila Tusi, Bonyeza

Wifi mtu alimtambua mpokea simu kwa sauti, kabla huyo hajamaliza kusema "Huduma ya dharura".

"Ni wewe? Nipe mtu mwingine!"

"Wenzangu wote wako kwenye simu. Sema."

"Mama kaanguka, hapumui! Lakini na wewe siongei, mchawi!"

Jamani, kuna watu wana roho! Mama yako yuko sakafuni, wewe unachagua wa kuongea naye. Ila hawa wawili hawakupikika chungu kimoja tangu mpokea simu huyu alipoolewa na kaka mtu, na huyo mama aliyeanguka ndiye aliyemtupia sanduku nje, eti hazai. Mpokea simu alimchukia mama huyo, tena bila haya. Hata hivyo vidole vyake vilishatuma ambulensi kwenye ile nyumba ya geti la kijani alikofukuzwa.

"Weka sauti ya nje. Piga magoti, mikono katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu, haraka haraka."

"Hunipangii wewe!"

"Basi nitukane. Kila tusi, bonyeza."

Loo, kumbe alikuwa ameyaweka akiba! "Mchawi! Tasa! Mnafiki! Mchawi!" Yalishuka mfululizo, kwa kasi ileile inayotakiwa, na mpokea simu akayameza yote.

Ndipo dereva akaita redioni. "Geti lina kufuli. Jirani anasema walihama."

Mpokea simu aliinua macho. Ukutani mbele yake kuna sharti ambalo yeye mwenyewe huwafundisha wageni wa kazi: uliza mahali, hata akipiga mama yako. Hakuuliza. Mazoea yana taabu.

"Wifi, siku hizi mnakaa wapi?"

Matusi yakakatika. "Mama alituapisha usipajue."

"Usiache kubonyeza! Akifa, hicho kiapo utakipeleka wapi? Nimekosea, nimetuma gari kwenu kwa zamani. Nitajie mahali, shetani wee!"

Wifi akaangua kilio, akataja: nyuma ya kiwanda cha sabuni, ghorofa ya pili, mlango wa bluu. Dereva akageuza gari. Matusi yakarudi, sasa yamechanganyika na kwikwi, mpaka king'ora kikasikika simuni, kisha viatu kwenye ngazi, kisha mtu akasema mapigo yamerudi.

Mpokea simu akafunika uso kwa viganja.

"Upo?" wifi akauliza.

"Nipo."

"Anapumua. Na akipona tu, tunahama tena."

Akakata simu.