Matanga ya Mchaga Aliye Hai

Rogath alivunjika paja Jumanne asubuhi kwa sababu ya bampa. Alikuwa juu ya ngazi dukani kwake kwa spea za magari, mtaa wa Gerezani, anamshushia mteja, ngazi ikateleza. Bampa likaangukia kwenye matairi, halikupata hata mkwaruzo. Rogath akaangukia sakafuni. Mteja akachukua bampa lake, na wakati anatoka akasema pole.

Hospitali wakamtia chuma ndani ya paja, wakamshona, wakampa magongo mawili na onyo.

"Mzee, tembea kila siku, hata hatua kumi," daktari alimwambia mbele ya mkewe. "Goti likikaa wiki nane bila kukunjwa litaganda. Ukija kliniki limeganda, mimi sina dawa."

Rogath akaitikia vizuri sana, akarudi nyumbani, akageukia ukutani. Wiki sita zikapita. Magongo yalisimama nyuma ya mlango, mapya, nailoni haijatolewa.

Nyumba ninayoisema ni yangu mimi, Bibi Zulekha, hapa Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Ina vyumba sita, korido katikati, uani nyuma na kibaraza mbele. Imebanwa na maghorofa huku na huku kama mtoto aliyelala katikati ya wajomba wanene. Rogath na mkewe Matilda wamekaa kwangu miaka ishirini na sita. Si kwamba hana kwake. Amejenga Kimara, nyumba ya vigae vyekundu, akaipangisha. Ukimuuliza kwa nini hahamii, anasema Kimara hakuna mtu wa kumtukana.

Mtu wa kumtukana ni mimi. Mimi ni Mpare wa Usangi, yeye ni Mchaga wa Kibosho, na Wapare na Wachaga ni watani tangu babu zao walipokuwa wanaibiana mbuzi. Asubuhi ananisalimia, "Shikamoo Bibi," namjibu marahaba, na hapo heshima ya siku inakuwa imekwisha. Kinachofuata ni yeye kuniuliza leo nampeleka nani mahakamani kwa kosa la kukanyaga kivuli cha kuku wangu, na mimi kumuuliza kama Desemba hii tena atapanda basi kwenda Moshi kuzionyesha ndizi zake simu mpya.

Jioni nilikuwa namtegea vitendawili. Rogath hajui kitendawili hata kimoja. Akishindwa namwambia nipe mji, ananipa mji, ndiyo namjibia. Kwa miaka hiyo yote amenipa Arusha, Tanga, Mwanza yote, na Kigoma mara mbili kwa kusahau. Mimi ni tajiri wa miji.

Basi jioni moja ya wiki ile ya sita nikaingia chumbani kwake na kiti changu.

"Kitendawili!"

Akavuta shuka mpaka sikioni.

"Nakitega mwenyewe. Nina ndugu wawili wenye wivu. Huyu akitangulia, yule anampita. Wamefika Moshi kwa wivu wao."

Akauambia ukuta, "Bibi, niache."

"Basi nipe mji."

"Chukua wote."

Sikulipenda jibu lile. Mchaga kugawa miji yote kwa mpigo, bila hata kuuliza ni kitendawili gani! Nikarudi chumbani kwangu nikakaa kitandani muda mrefu na viatu miguuni.

Matilda naye alikuwa amejaribu kwa njia yake. Alimleta kijana wa kanisani kwao, Marcelino, anayefundisha watu kufikiri chanya. Suti ya bluu inayong'aa, viatu vimechongoka mbele kama vya kuchokolea meno. Akabandika karatasi ukutani, NAWEZA, kwa herufi kubwa, mahali Rogath anapotazama.

"Baba, rudia baada yangu," akasema. "Mimi ni mshindi!"

"Kijana," Rogath akamwuliza, "umewahi kuvunjika?"

"Hapana, baba. Akili yangu hairuhusu."

"Basi kapande ngazi yangu."

Marcelino akaja mara nne. Kila mara akaondoka ana furaha zaidi, na mgonjwa ana huzuni zaidi. Mimi sina ugomvi na kufikiri chanya, hata mimi kila asubuhi nikiona maji yametoka bombani nafikiri chanya kabisa. Lakini mtu aliyelala chali ukimwambia atabasamu, unamwongezea kazi.

Sasa niseme kwa nini jambo lile lilinikaa rohoni. Mume wangu, Mzee Anuari, alipofariki, siku ya tatu ya matanga nilikuwa nimekauka. Silii, sili, sisemi. Wanawake wananitazama wanatikisa vichwa. Mara nikasikia mtu anakohoa mlangoni, mara tatu, kavu, vile vile alivyokohoa Anuari kila jioni ili tujue baba mwenye nyumba amefika. Nikageuka. Rogath! Amevaa koti la Anuari, kofia ya Anuari, miwani ya Anuari, na mkononi gazeti la juzi. Akakaa kwenye kiti cha marehemu, akaanza kutusomea habari za juzi kwa sauti, akirudia kila mstari mara mbili, huku anagombana na mwandishi. Watu wakaanguka kwa kicheko. Mimi nilicheka mpaka nikalia, nikalia mpaka nikasikia njaa. Nikaomba wali. Kazi ya mtani ni hiyo, na siku ile aliifanya kama msomi.

Kwa hiyo Rogath akiganda kitandani, mimi nikifa nani atavaa kanga zangu?

Jumamosi, zimebaki siku tano aende kliniki, nikamwita Matilda uani.

"Mwanangu, nataka kumfanyia mumeo matanga."

Akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu ya kutolala. "Mfanyie lolote, Bibi. Mimi nimebembeleza mpaka nimeishiwa." Akachukua mkoba akaenda kufungua duka.

Nikajifunga kanga kiunoni, nikaingia kwa Rogath bila hodi. Nikatoa msumarini koti lake la bluu la dukani, lile lenye kalamu tatu mfukoni, nikalivaa. Nikachukua redio nikaibana kwapani.

"Bibi, unafanya nini?"

"Marehemu haongei." Nikafungua kabati. "Nagawa vitu. Redio yangu. Jezi hii siitaki, timu yenyewe ya kushindwa, nitadekia. Viatu... Mchaga wewe, mguu mkubwa hivi wa nini? Ulikuwa unakanyagia zabibu?"

Nilitegemea anirushie mto. Nilitegemea japo aseme, "Mpare mwizi." Akasema polepole, hata kichwa hakugeuza:

"Chukua, Bibi. Chukua na duka. Mimi nimekwisha."

Redio ikanishinda kuibeba. Nikaiweka chini, nikatoka na koti lake mwilini mpaka kibarazani. Nilikuwa nimepanga kulia kwa mzaha, kilio cha watani, cha kumkera. Nikafungua mdomo, kilio kilichotoka kikawa chenyewe. "Uwiii! Rogath! Rogath wangu jamani!" Nikakaa chini kwenye saruji na kulia hasa, bibi mzima wa miaka sabini na nne.

Mama wa chapati wa ng'ambo ya barabara akaacha chapati ikaungua. Akashika kichwa. Kabla sijapata pumzi ya kumweleza, alikuwa ameshapiga simu, na Kariakoo ukiwa na habari ya msiba huhitaji redio. Dakika kumi hazikufika, Gerezani mageti ya maduka ya spea yalikuwa yanashuka moja moja, maana ndiyo desturi yao, mwenzao akifa hawauzi hata nati. Picha ya Rogath ikaingia kwenye kundi lao la WhatsApp, imewekewa mshumaa.

Nusu saa baadaye likaja pikapu limejaa viti vya plastiki na turubai. Akashuka Ansbert, jirani yake wa dukani, fremu kwa fremu, macho yamevimba. Nyuma yake wanaume wapatao thelathini wenye mikono ya grisi.

"Hajafa!" nikawaambia. "Jamani, rudisheni viti. Yumo ndani, mzima."

Wakatazamana. Wakaona koti la Rogath mwilini mwangu, kalamu tatu mfukoni. Mmoja akaanza kucheka huku anafuta machozi.

"Mtani huyo," akasema. "Ameshaanza!"

"Wallahi nawaapia, anapumua! Kala uji saa mbili!"

"Endelea, Bibi, endelea. Marehemu alikupenda sana."

Kadiri nilivyoapa, ndivyo walivyozidi kunisifu. Mtani akisema maiti kala uji, nani atakwenda kuchungulia? Wakafunga turubai. Wakapanga viti mpaka barabarani, bajaji zikaanza kupiga honi. Marcelino akafika anahema, akaomba aseme neno la matumaini, akaambiwa asubiri ratiba.

Dirisha la Rogath linafunguka kibarazani. Pazia ndilo lililokuwa linatutenga naye. Ansbert akasimama pale pale mbele ya dirisha, akakunja mikono tumboni.

"Ndugu wafiwa," akaanza. "Marehemu alikuwa mtu wa watu. Mengi yatasemwa. Lakini wachache mnajua kwamba alipokuja Gerezani alikuwa hajui chochote. Hajui giaboksi, hajui kabureta. Mimi, kwa mikono yangu hii, ndiye niliyemfundisha kazi."

Pazia likatikisika.

"Uongo!" sauti ikatoka ndani, imekauka.

Nadhani niliisikia peke yangu, maana wanawake walikuwa wameanza wimbo. Ansbert akapandisha sauti.

"Hata lile duka, wazo lilikuwa langu! Nikamwambia, Rogath, usikate tamaa, mimi nitakushika mkono..."

Ndani kitu kizito kikaanguka. Nikasikia nailoni inachanwa. Sikusogea. Nikanyoosha miguu, nikaweka kalamu vizuri mfukoni, nikasikiliza. Ko. Kimya. Ko. Tusi la Kichaga. Ko. Korido yetu ina hatua kumi na saba, nimeifagia tangu ujana wangu naijua. Nikazihesabu zote. Ya tisa alisimama muda mrefu nikadhani amerudi. Kisha ko.

Mlango ukafunguka. Rogath akatokea, ndevu za wiki sita, singlendi nyeupe, shuka kiunoni, magongo kwapani.

"Ansbert!" akaunguruma. "Nani alikufundisha wewe kutofautisha shokapu na pampu ya baiskeli?"

Sijaona turubai likitawanyika vile. Viti vikapinduka, mafundi wenye vifua kama milango wakarukiana. Mama wa chapati akazimia nusu, akaona hakuna wa kumdaka, akazinduka. Marcelino ndiye aliyeongoza, na kiatu chake kimoja kilichochongoka kilibaki kibarazani kimetazama Mtaa wa Msimbazi. Ansbert peke yake hakukimbia. Miguu ilimgomea. Akapiga ishara ya msalaba.

"We... we ndiye ulinifundisha," akasema kwa sauti ndogo. "Nisamehe, marehemu."

"Sema kwa sauti."

"Ulinifundisha wewe!"

"Na wazo la duka?"

"La kwako!"

Hapo ndipo Rogath akaanza kutetemeka. Nikamsukumia kiti, akakaa. Jasho linamtiririka, goti limekunjwa kwa lazima maana kiti kile ni kifupi, uso umekunjamana kwa maumivu. Akanitazama kuanzia kalamu mpaka miguuni.

"Vua koti langu, Mpare."

"Likomboe."

Akafikiri. "Nakupa Same."

"Same? Same ni kwetu Wapare! Unanigawia nyumbani kwangu?"

Kikamtoka kicheko, kidogo, kibaya, kama gari lililokaa muda mrefu bila kuwashwa. Kikazima. Kikawaka tena.

Matilda, ambaye habari ilimkuta amefuata mzigo mbali na duka, akaingia mbio kutoka mtaani, kiatu kimoja mkononi, kanga imemvuka. Akamwona mumewe amekaa kibarazani. Akakaa chini pale pale vumbini.

"Mwanangu, si nilikuambia?" nikasema.

"Nilijua ni utani wako, Bibi," akasema, pumzi hana. "Kichwa kilijua. Miguu haikujua."

Nikamwomba radhi siku ile na siku iliyofuata, na kwa kweli nilistahili maneno zaidi ya aliyonipa.

Alhamisi walikwenda kliniki. Daktari alilikunja goti, Rogath akalia kama mbuzi. Akasema halijaganda, ila limechelewa sana, na huenda atachechemea maisha. Rogath akarudi na uso mrefu, nami nikaona anautazama ukuta ule tena. Ile karatasi ya NAWEZA bado ilikuwepo. Akaibandua, akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa meza unaotikisika. Meza imetulia mpaka leo, kwa hiyo Marcelino asiseme hakusaidia.

Kisha akauliza, "Kile kitendawili chako cha ndugu wenye wivu. Jibu ni nini?"

"Nipe mji."

"Sina tena. Si ulichukua wote?"

"Basi kalitafute jibu uani, kwa miguu yako mwenyewe."

Tangu siku hiyo kila jioni anazunguka uani kwa magongo, na hazunguki kwa sababu daktari amesema. Amejifunga kanga yangu ya kijani, ameinamisha mgongo, ametoa mdomo mbele, anachukua hatua fupi fupi na kuisimanga mitungi. Anafanya mazoezi ya siku nitakayokufa. Wapangaji wanatoka na viti kumtazama. Jana nilimsimamisha.

"Mchaga, umekosea. Mimi naburuza mguu wa kushoto."

"Bibi, wa kushoto ndio mbovu wangu. Hauburuziki hivyo."

"Hilo halinihusu. Sitaki kuaibishwa mbele ya wageni. Anza upya, kuanzia bombani."

Akanitukana, akageuka, akaanza upya kuanzia bombani.