Springi za Gari la Awa

Springi ya nyuma ilikatika njiani kutoka Mocímboa da Praia, gari likiwa karibu tupu. Jambo hilo lilimuudhi Awa zaidi.

"Ingekatika na samaki ningeelewa," alimwambia mdogo wake. "Imekatika na makreti matupu!"

"Zimechoka, dada," Latifo akajibu. "Hebu zitazame, zimelala kama mkeka. Tufunge mpya, na safari hii tufunge za maana."

Gari lilikuwa Land Cruiser kuukuu, wazi nyuma, lenye mabenchi ya mbao pembeni. Awa alilinunua kwa biashara ya samaki baada ya familia kurudi Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kutoka mji wa Pemba wa huko huko, walikokuwa wamekimbilia wakati wa vita. Latifo ndiye aliyeliendesha. Asubuhi alipeleka abiria kwenye vijiji vya ghuba ya Tungue, mchana akarudi na makreti ya samaki na barafu. Kabla ya vita aliwahi kuendesha gari la kampuni moja iliyokuwa ikihudumia wachimba gesi. Lilikuwa gari refu, lililonyanyuliwa, na tangu hapo kila gari jingine alikuwa akiliona fupi.

Wakaenda kwa Mestre Eusébio, fundi Mmakonde kutoka Mueda, mwenye gereji ya bati nyuma ya soko. Eusébio akawaonyesha springi za aina mbili. Za kwanza zilikuwa nene, za kubebea mzigo mkubwa, na zingelinyanyua gari. Za pili zilikuwa nyepesi kidogo, na chini yake palikuwa na jani moja la ziada, bapa la chuma lisilogusa kitu mpaka gari lijae.

"Hizi nene," Latifo akasema papo hapo.

"Na abiria je?" Awa akauliza.

"Abiria watashika vyuma."

Eusébio akajifuta mikono. "Mimi nitafunga mnachotaka. Ila hizi nene haziinami bila mzigo. Gari likiwa tupu litaruka kama mbuzi."

Latifo akacheka. Awa alikuwa na haraka ya kuwahi barafu. "Mfungie za kwake," akasema. "Yeye ndiye anayekaa kwenye usukani."

Kwa samaki, zilifaa kweli. Mvua zilipokuja, gari lilipita kwenye matope ambako magari mengine yalilala. Latifo akawa analiegesha mbele ya duka la Domingos, mahali ambapo kila mtu alilazimika kuliona. Hata Awa alikiri kwamba makreti hayakuwahi kufika salama namna ile. Abiria walinung'unika, lakini abiria wananung'unika siku zote.

Kisha, asubuhi moja, mama yao alitoa ombi.

Mama Hafsa hakuwa amekanyaga kijijini kwake tangu siku walipokimbia. Majirani walirudi mmoja mmoja, wakalima mashamba, wakaezeka. Yeye alipoulizwa alisema mguu unamuuma, na mazungumzo yakaishia hapo. Asubuhi ile aliweka kikombe chini akasema, "Latifo, nipeleke nikaone."

Latifo hakumpa nafasi ya kubadili nia. Aliweka mto kwenye kiti cha mbele, akampandisha, wakaondoka bila kungoja abiria.

Walipoacha barabara kuu, njia ikawa ngumu, imekauka baada ya mvua, imejaa mashimo na matuta madogo madogo. Gari likaanza kuruka. Mama Hafsa akashika chuma cha mlangoni.

"Punguza, mwanangu."

Akapunguza. Haikusaidia, maana sasa kila shimo lilihesabika peke yake. Kwenye shimo moja kichwa cha mama kiligonga paa. Akanong'ona dua. Walipofika kwenye mikorosho akasema, "Simamisha."

"Bado hatujafika, mama."

"Simamisha. Mgongo wangu hautafika na gari hili."

Akashuka, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akaanza kutembea. Latifo akamfuata nyuma kwa gia ya kwanza. Mwanamume mmoja aliyekuwa kwenye baiskeli akawasalimu, akauliza kama gari limeharibika.

"Gari zima," Mama Hafsa akamjibu. "Ninayeharibika ni mimi."

Latifo akazima injini, akamkimbilia. "Mama, panda tafadhali. Watu wananiona."

"Wacha wakuone." Alisimama kupumua, mkono kiunoni. "Siku ile ya kukimbia tulipita hapa hapa kwa miguu, nimembeba mjukuu. Leo nilitaka nipite nimekaa. Basi."

Latifo alirudi kwenye gari, akachukua koleo, akajaza mchanga kwenye makreti ya samaki ili springi zipate uzito wa kuziinamisha. Alifanya kazi hiyo peke yake, shati limelowa, mama yake ameketi kivulini bila kumtazama. Gari lilipotulia, mama akapanda tena. Sasa liliruka kidogo tu, lakini mgongo ulikuwa umeshaumia, na mbele kidogo akaomba warudi nyumbani.

Kwa siku kadhaa baada ya hapo alilala chali, Awa akimkanda kwa maji ya moto. Awa hakumlaumu mdogo wake. Hilo lilimkera Latifo kuliko lawama, na zaidi ya hapo aliogopa kwamba mama yao hataomba tena kupelekwa kijijini.

Akarudi kwa Eusébio. "Fungua hizi. Nipe zile za jani la ziada."

"Gari litashuka."

"Lishuke."

Safari hii hakuchagua kwa macho. Eusébio alipofunga springi, Latifo alimpa ufunguo, akaenda kukaa nyuma kwenye benchi la mbao, mahali ambapo hakuwahi kukaa hata mara moja. Wakazunguka kwenye mashimo ya nyuma ya soko. Wakajaribu na shokapu, vyuma vya kutuliza mrusho: za kwanza zilimrusha, akasema hapana. Za pili zilikuwa laini mno, gari likayumba kama mtumbwi. Kwa za tatu, alishuka akiwa bado anaongea bila kukatika pumzi.

"Hizi," akasema.

"Kwenye matope utasugua tumbo," Eusébio akamwonya. "Mvua ikija utashuka na koleo."

"Nitachimba."

Alichimba kweli, mara nyingi, na magari marefu yakampita yakimrushia tope. Hakulizoea jambo hilo. Nyumbani hakumgusia mama yake habari ya safari. Ni abiria waliozungumza. Joaquina, mwuza mihogo, alimwambia Mama Hafsa kwamba siku hizi yeye husinzia kwenye benchi njiani.

Alhamisi moja Latifo alimkuta mama yake ameketi kwenye kiti cha mbele, mkeka magotini, kabla hata hajapasha injini moto.

Walipita kwenye mikorosho bila kusimama. Mama Hafsa alitazama nje upande huo, kisha akaanza kuuliza shamba hili la nani, nyumba ile ya nani.

Nyumba yake ilikuwa imebaki kuta zinazofika kiunoni, na ndani yake umeota mpapai. Alizunguka mara moja akigusa udongo. Kisha akavunja tawi lenye majani, akaanza kufagia uwanja.

"Nikusubiri, mama?" Latifo akauliza.

"Unisubiri ya nini? Samaki wataharibika." Aliendelea kufagia bila kuinua kichwa. "Nitalala kwa jirani. Kesho uniletee panga, na mtu wa kunikatia fito. Na huo mpapai asiuguse mtu, una matunda."

Latifo akashusha mkeka na ndoo ya maji, akaviweka kivulini, akaenda ufukweni kupakia.