Nyumba ya Thelathini na Moja

Mimi ni mtu wa haraka, na sioni aibu kusema. Ninashona sare za shule, na wiki ya kufungua shule hakuna mzazi anayetaka kusikia habari za uzi uliokatika. Kwa hiyo mdogo wangu aliponitumia mchezo wa simu aliouhangaikia miaka miwili, niliucheza dakika sita, nikamwandikia: "Hongera sana, mzuri." Uongo mtupu. Katika dakika hizo sita nilikuwa nimemtembeza mzee mmoja mwenye kofia na daftari kutoka geti la ofisi hadi kona ya kwanza ya barabara, na nyumba ya kwanza ilikuwa bado haijaonekana.

Mchezo unaitwa Msoma Mita. Unakuwa msoma mita za maji. Unatembea nyumba hadi nyumba, unabisha hodi, unangoja, unaingia uani, unafuta vumbi kwenye kioo cha mita, unaandika namba, unaaga, unakwenda nyumba inayofuata. Nyumba ziko arobaini. Hakuna kukimbia, hakuna adui, hakuna hazina. Kalamu ikikauka unarudi ofisini kuchukua nyingine, kwa miguu.

Baba yetu alisoma mita za maji kwa miaka ishirini na nane.

Mdogo wangu tunamwita Konokono. Marehemu mama ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu ya kula. Sisi wengine tulikuwa tumeshanawa mikono na kupotelea nje, yeye bado anatafuna tonge la tatu akiwaza mambo yake. Sasa ni mtu mzima, anaishi mji mwingine, kazi yake ni kutengeneza programu za kupanga zamu za wauguzi. Yeye hakumwambia baba lolote kuhusu mchezo. Aliniachia mimi nimwambie, nikipata siku nzuri, na mimi na sare zangu tukawa tunaisogeza mbele hiyo siku nzuri kila wiki.

Fundi simu, jirani yetu, akaniwahi. Jumapili mchana aliingia sebuleni, ambako ndiko na cherehani yangu iliko, simu ameinyanyua juu.

"Mzee! Umekuwa gemu!" akasema. "Kofia yako ile, kutembea kwako kule kule! Watu wanasema ndiyo gemu inayochosha kuliko zote duniani. Wanavunjika mbavu huko!"

Hakuwa na nia mbaya, masikini. Ni mtu ambaye mdomo wake hufika kabla yake. Lakini baba ana mtoto wa jicho macho yote mawili na anangoja kupasuliwa, kwa hiyo simu ilipoletwa mbele yake hakuona kofia wala nini. Alichopata ni maneno tu. Uso ukamsawijika.

"Wananicheka?" akauliza.

Fundi simu akanitazama mimi. Mimi nikatazama pindo la sketi.

Usiku huo baba hakula. Asubuhi yake Konokono alinipigia simu. "Dada, amenipigia. Amesema nimechukua maisha yake nikawapa watu wachezee. Nimemwambia Ijumaa nakuja. Akiniambia niutoe, nautoa hapo hapo mbele yake."

"Miaka yako miwili?"

"Bora miaka miwili kuliko baba."

Nilikata simu nikiwa na hasira, sijui na nani. Labda na mimi mwenyewe, kwa sababu ya ile siku nzuri niliyoisogeza.

Jumanne baba alivuta kiti chake karibu na cherehani. "Hao watu wanasema nini?" akauliza. "Si wanaandika maoni? Yako mangapi?"

Nikaangalia. "Mia moja themanini na sita."

"Nisomee yote. Mazuri na mabaya. Ijumaa nataka niseme kitu ninachokijua."

Kisha akaomba kopo langu la vifungo. Akahesabu kwa vidole, polepole, mpaka nikatamani kupiga kelele: vifungo mia moja themanini na sita, akavimwaga mapajani. Kwa kila oni moja, kifungo kimoja kinarudi koponi.

Basi nikawa nashona kwa miguu na kusoma kwa mdomo.

"'Nimetembea dakika kumi na tisa,'" nilisoma, "'nikabisha hodi, nikaambiwa ufunguo wa uani anao shangazi, na shangazi yuko sokoni. Nyota tano.'"

Baba akaweka kifungo koponi. "Nyumba ya saba hiyo," akasema. "Shangazi alikuwa anauza mkaa."

"'Mke wangu alidhani nimelala na simu mkononi. Kumbe nangoja mbwa afungwe.'"

Kifungo.

"'Kalamu imekauka nyumba ya thelathini. Nimerudi ofisini. Nimeambiwa mwenye ufunguo wa kabati ameenda kunywa chai. Aliyetengeneza gemu hii ana roho mbaya, na mimi nampenda.'"

Hapo baba alitoa sauti puani. Sikuthubutu kuiita kicheko, lakini nilisimamisha cherehani ili niisikie vizuri kama ingekuja tena. Haikuja.

Mmoja aliandika kwamba ameufuta, ameurudisha, ameufuta, na sasa anaurudisha. Mwingine, dereva wa gari la wagonjwa, alisema kazini kwake kila kitu ni mbio, kwa hiyo akifika nyumbani anavua viatu, anakwenda kusoma mita tatu, ndipo mikono inaacha kumtetemeka. Baba aliniomba huyo nimrudie. Nikamrudia. Mwingine alisema mita ya nyumba ya kumi na mbili, ile ya kushoto, ndiyo rahisi kuliko zote; baba akatikisa kichwa.

Sasa niseme ukweli wangu. Mabaya nilikuwa nayaruka. Jicho langu ni jepesi, naona nyota moja kabla sijafungua mdomo, nateremka kwenye inayofuata. Nilikuwa namlinda mdogo wangu, na nilikuwa namlinda baba, na kusema kweli sare nane zilikuwa bado hazina mifuko.

Alhamisi saa tisa alasiri nikasema, "Basi. Yameisha."

Baba akapapasa mapajani. Akakusanya vifungo vilivyobaki, akavipanga juu ya meza ya cherehani kimoja kimoja.

"Kumi na tano," akasema. "Umeruka nyumba kumi na tano."

"Baba, mengine hayana maana, ni matusi tu."

"Unajua wenzangu wengine walikuwa wanafanya nini? Jua likiwa kali wanakaa kwenye benchi la duka, wanabuni namba. Nyumba hii maji kiasi hiki, ile kiasi kile. Daftari linajaa vizuri kabisa." Hakupandisha sauti, baba hajui kupandisha sauti. "Mimi nikikuta mbwa naandika kuna mbwa. Nikikuta hakuna mtu naandika hakuna mtu, kesho narudi. Sikuwahi kubuni namba hata siku moja. Na wewe mwanangu umenibunia siku tatu."

Nilisikia aibu mpaka masikioni. Nikasukuma sketi kando, nikazima cherehani, nikarudi juu kabisa kwenye orodha.

Kumi na moja ya kwanza yalikuwa matusi kweli. Moja lilisema: "Nani anatengeneza mchezo kuhusu mtu asiye na umuhimu wowote?" Hilo nililisoma kwa sauti ndogo. Baba akakishika kile kifungo muda, akakizungusha kidoleni, akakiweka koponi na vingine.

"Endelea," akasema.

Vilipobaki vifungo viwili nikafika kwenye malalamiko marefu kuliko yote. "'Nyumba ya thelathini na moja, geti la bluu, haifunguki,'" nilisoma. "'Nimebisha hodi mara arobaini. Nimengoja saa nzima. Nimerudi siku ya pili ya mchezo na ya tatu. Pazia linatikisika, kwa hiyo mtu yumo, lakini mlango haufunguki. Ni kosa la mtengenezaji. Nyota moja.'" Chini yake watu sitini na zaidi walikuwa wamemuunga mkono. Hata mmoja hakuwahi kuingia. Konokono alikuwa amejibu neno moja tu: "Unafunguka."

Mkono wa baba ulikuwa umesimama hewani na kifungo chake.

"Geti la bluu," akasema. "Huyo anayelalamika amesimama wapi?"

"Mlangoni, baba. Pa kubishia hodi."

"Karibu kabisa?"

"Nadhani."

"Basi hafunguliwi ng'o." Akaegemea mbele. "Unayo hiyo gemu? Nipeleke."

Nilikuwa nayo, na nilikuwa bado kwenye kona ya kwanza. Sitaeleza ilivyonichukua kufika nyumba ya thelathini na moja, ila niseme tu kwamba tuliruhusiwa kuanza mtaa wowote, Mungu ambariki Konokono kwa hilo, na kwamba hata hivyo nilitembea barabara moja yenye vumbi kwa robo saa huku baba akiniuliza kama tumefika kwenye mtaro, kama tumepita duka la mshona viatu. Tulikuwa tumefika. Tulikuwa tumelipita. Kila alichouliza kilikuwepo.

Nikabisha hodi. Pazia likatikisika. Kimya.

"Rudi nyuma," baba akasema. "Hatua tatu. Usigeuke, rudi kinyumenyume."

Nikamrudisha mzee wangu wa kwenye kioo, hatua moja, mbili, tatu.

"Vua kofia."

Kulikuwa na kitufe cha kuvua kofia. Wachezaji wengi walikuwa wamekitaja kwenye maoni yao, wakisema ni pambo tu, hakina kazi. Nikakibonyeza.

"Sasa ngoja. Usibishe tena. Mtu anayeishi peke yake hawezi kumfungulia mtu aliyejibana mlangoni. Anataka kwanza akuone wote, kichwa mpaka miguu, na mikono yako iko wapi. Mimi ilinichukua miezi mitano kulijua hilo."

Nikangoja. Mimi, ambaye sijawahi kungoja chai ipoe. Simu ilikuwa imelowa jasho la vidole vyangu. Kisha komeo likalia, mlango ukafunguka nusu, na bibi mmoja mdogo akatokeza. Maneno yakatokea chini kwenye kioo cha simu, nikayasoma kwa sauti: "'Umechelewa leo. Nilidhani huji.'"

Baba akafumba macho.

"Ameweka kiti?" akauliza.

"Ameweka kiti."

"Kaa. Usipokaa atajisikia vibaya."

Nikamkalisha mzee. Hakuna kilichotokea. Bibi alikaa upande mmoja, mzee upande mwingine, na bomba la uani likawa linadondosha tone, tone, tone. Dakika nzima. Nyingine. Sikubonyeza kitu.

"Miaka kumi na tisa nilimsomea mita yule bibi," baba akasema. "Mume alishafariki, watoto walikuwa mbali. Mwezi mzima anayebisha hodi pale ni mimi peke yangu. Na bomba lake ni kweli lilikuwa linavuja, nilimbadilishia mpira mara mbili." Akasikiliza matone. "Lakini haya sijamwambia mtu yeyote. Ofisini wangenicheka."

"Utakuwa ulisimulia hapa nyumbani, baba. Mezani, ukitoka kazini."

"Kumsimulia nani? Nilikuwa nachelewa kurudi. Mama yenu yuko jikoni, ninyi mmeshakula mmekimbilia nje. Nilikuwa nakula peke yangu, naongea tu kama mwehu, nakuta..."

Akakomea hapo.

"Konokono alikuwa bado anakula," akasema.

Nililia, sifichi. Nililia kwa ajili ya baba, na nililia kwa wivu pia, kwa sababu meza ile ilikuwa ya sisi wote na mimi nilikuwa nimeiacha kwa mbio zangu.

Baadaye nikataka kumjibu yule mlalamikaji, nimwandikie afanye nini. Baba akanikataza. Alisema tuwaache watafute wenyewe, hata yeye hakuambiwa. Kifungo cha mwisho kilikuwa cha mtu aliyeuliza kama kuna namna ya kuongeza mwendo. Baba alicheka, safari hii kwa mdomo wote.

Lakini kuhusu Ijumaa hakusema kitu, na mimi nilijifunza kutomharakisha.

Ijumaa saa nne asubuhi hodi ikagongwa. Niliijua ile hodi. Nilifungua mdomo kuita "Ingia, mlango uko wazi!" kama ninavyofanya siku zote, baba akaninyooshea kiganja.

"Nitafungua mwenyewe."

Akainuka. Akapapasa mgongo wa kiti, ukuta, kabati, ukuta tena. Kutoka kwenye kiti chake hadi mlangoni ni hatua kumi na mbili na alizitembea zote, na huko nje hodi haikurudiwa. Alipofungua, nilimwona mdogo wangu kwa juu ya bega lake. Alikuwa amesimama mbali na mlango, hatua tatu, mkoba chini, mikono mitupu, macho mekundu ya mtu asiyelala.

Baba hakuweza kumwona sura kwa umbali ule. Aliona kivuli kilichosimama mahali panapotakiwa.

"Umechelewa leo," akamwambia. "Nilidhani huji."

Konokono akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Ingia ndani, Konokono, chai inapoa," baba akasema, akimshika mkono. "Na ile nyumba ya kumi na mbili umekosea. Mita iko kulia, nyuma ya pipa. Leo ukae hapa tupitie zote arobaini."

Tulizipitia mpaka jioni. Sare zilichelewa, na wazazi walinisema sana.