Tarakimu Nne Ubavuni mwa Tairi

Mwaka ule theluji ya kwanza ilianguka tarehe kumi na mbili Novemba, na Maryvonne Thibeault alikuwa bado anatembelea matairi ya kiangazi. Haikuwa kawaida yake. Tangu baba yao afariki, miaka kumi na tisa sasa, kumbadilishia matairi ilikuwa kazi ya kaka yake Réal, fundi magari mwenye gereji ndogo nje kidogo ya mji wa Chicoutimi, Kanada. Kila mwisho wa Oktoba alimpelekea gari, wakanywa kahawa wakiwa wamesimama, Réal akafungua nati huku akisimulia mawindo yake, na baada ya saa moja hivi Maryvonne akaondoka tayari kwa baridi. Safari hii Réal alikuwa ameanguka kutoka kwenye kibanda chake cha kuwindia kilicho juu ya mti, akaumia mgongo.

"Usiende kwa fundi mwingine," alimwambia kwa simu. "Watakuchubulia rimu bure. Nipe wiki moja, nitakufungia mwenyewe."

"Na mgongo huo?"

"Mgongo ni wangu. Wewe subiri tu, Vonne."

Maryvonne alikata simu akimwonea huruma. Kaka yake hawezi hata kuinama avae soksi, lakini bado anawaza matairi ya mdogo wake.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la milango miwili, jekundu lililokolea, limelala chini na lina injini inayonguruma hata likiwa limesimama. Alilinunua alipofikisha miaka arobaini na sita, baada ya miaka zaidi ya ishirini ya uuguzi, na hakuna mtu katika ukoo aliyempongeza. Walisema gari la mbio si la nchi yenye miezi mitano ya barafu. Walisema mwanamke wa umri wake angenunua kitu cha heshima. Naye akawajibu kwa kulipenda zaidi. Msimu uliofuata aliagiza matairi bora kabisa ya baridi, yaliyotengenezwa Finland, Réal akamfungia kwenye rimu nyeusi za chuma. Majira yote yale ya baridi gari lilishika barabara kama kupe.

Kisha ikaja Februari ya msimu wa pili.

Siku hiyo alikuwa akirudi kutoka La Baie, mji wa jirani, na mama yao, Gratienne, mwenye miaka themanini na moja. Ilikuwa mchana, jua linawaka. Kwenye kona ambayo Maryvonne aliijua kama jiko lake, gari liliachia barabara. Halikuserereka kidogo kidogo akapata nafasi ya kulirudisha. Liliachia mara moja, wakaingia mtaroni. Yeye alitoka na bega lililovilia damu. Mama alivunjika nyonga.

Réal ndiye aliyekuja na gari la kuvuta, ndiye aliyelitoa gari mtaroni, ndiye aliyelitengeneza. Na ndiye aliyesimama kwenye ukumbi wa hospitali, mbele ya mashangazi na mabinamu, akatikisa kichwa na kusema, "Nilimwambia. Mguu wake ni mzito."

Maryvonne aliinamisha kichwa. Angesema nini? Alikuwa anaendesha kilomita sabini kwa saa, lakini kila alipokumbuka, namba hiyo ilipanda kidogo, mpaka akawa hana uhakika tena. Mabinamu wakaanza kumwita Bingwa, kama bingwa wa mbio za magari. "Bingwa, leo umekuja kwa miguu?" Alicheka nao. Mama hakurudi nyumbani kwake. Alihamia nyumba ya wazee, akitembea kwa kushikilia fremu ya chuma. Kila Jumapili Maryvonne alikwenda kumwosha miguu na kumkata kucha, na karibu kila Jumapili alirudia maneno yale yale: "Mama, nisamehe." Gratienne alimpapasa kichwani na kusema, "Nimekusamehe, mwanangu. Usilie tena." Lakini mtu akipendekeza watoke wakatembee kidogo kwa gari, mama alisema, "Na Réal nitakwenda."

Basi theluji ilipoanguka tarehe kumi na mbili, na ya pili ikatangazwa kwa Alhamisi, Maryvonne aliona haifai kumsumbua mgonjwa. Alikuwa na ufunguo wa stoo ya Réal. Asubuhi, akijua kwamba kaka yake yuko kwa daktari, alikwenda, akayachukua magurudumu yake manne, mawili akayalaza kiti cha nyuma, moja akalisukuma kwenye buti, na la nne likakaa kiti cha abiria. Akalifunga mkanda, akacheka peke yake. Alikusudia kumwambia Réal jioni, amshangaze: kazi imeisha, lala zako upone.

Gereji aliyoipata yenye nafasi ilikuwa Jonquière, ya mama mmoja aliyeitwa Bibiane, mfupi, mvi zimenyolewa karibu na ngozi, mikono myeusi kwa grisi. Alilipandisha gari, akafungua matairi ya kiangazi, kisha akaligeuza gurudumu la kwanza la baridi na kulitazama ubavuni. Akaligeuza la pili.

"Dada," aliita, "haya umeyatoa wapi, jumba la makumbusho?"

"Ni mapya hayo," Maryvonne alisema. "Yametumika misimu miwili tu."

Bibiane alianza kucheka, akaona uso wa mteja wake, akaacha. "Njoo uone. Bonyeza hapo kwa ukucha."

Maryvonne akabonyeza. Ukucha haukuacha hata alama.

"Tairi la baridi linatakiwa kuwa laini, likumbatie barafu. Hili ni ubao. Sasa soma hapa ubavuni. Tarakimu nne, unaziona? Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka."

Maryvonne alichuchumaa. 3409. Wiki ya thelathini na nne, mwaka elfu mbili na tisa.

"Meno bado yapo," Bibiane aliendelea, "alama ya theluji inayotakiwa na sheria ipo. Polisi akikusimamisha atakusalimia akuache uende. Lakini mpira wenyewe umeshakufa. Kwenye kona yenye barafu, dada yangu, ni sawa na kuvaa sahani."

"Niliagiza ya Finland."

"Haya hata kwenye ramani hayajaiona Finland. Rimu ni zako hizi?"

"Zangu."

"Basi mtu aliyatoa yako akafunga haya. Tazama mchubuko huu wa mashine." Akamtazama vizuri. "Ulishawahi kuteleza nayo?"

Maryvonne aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Matairi ya Finland aliyaona kwa macho yake yakifungwa, akasikia harufu yake mpya, akasafiri nayo msimu mzima. Kiangazi kilichofuata yalilala stoo. Stoo ile ina funguo mbili. Mmoja ulikuwa mfukoni mwake, na hakuwa ameutumia hata siku moja mpaka asubuhi hiyo.

Bibiane alimletea kahawa bila kuulizwa. Alikuwa na seti moja mpya ya saizi ile. Akaifunga kimya kimya, akayarundika ya zamani pembeni.

"Nikutupie haya?"

"Matatu tupa," Maryvonne alisema. "Moja naondoka nalo."

Alipofika, Réal alikuwa amesharudi kutoka kwa daktari, ameketi kwenye kigoda kirefu ndani ya gereji yake, mkanda mpana umembana kiuno. Uani kulikuwa na gari la binti yake, Anouk, lililoletwa kubadilishwa waipa. Lilikuwa ndugu wa gari la Maryvonne, kampuni moja, saizi moja ya tairi, ila lenyewe la milango minne na la mwendo wa kistaarabu. Maryvonne alipiga magoti kwenye theluji iliyoyeyuka, akafuta tope ubavuni mwa tairi kwa kiganja. Finland. Na tarakimu za mwaka ule ule alioagiza.

Akaingia ndani na lile tairi zee, akalitua miguuni pa kaka yake.

"Nilikwambia usubiri," Réal alisema. Hilo ndilo lililomtoka kwanza.

"Ndiyo. Nimeelewa sasa kwa nini."

"Vonne, yule fundi hajui..."

"Nimetoka kulisoma gari la Anouk huko nje. Usinidanganye mara ya pili, Réal. Ya kwanza haijaniingia vizuri bado."

Réal alitaka kuinuka, mgongo ukakataa. Akajishika ukingo wa meza. "Anouk alikuwa anavuka milima ya hifadhi ya Laurentides kila wiki kwenda mjini Québec," alisema. "Na mtoto mchanga nyuma. Unaijua barabara ile. Nilikosa usingizi. Nikasema wewe unazunguka mjini tu, nyumbani na hospitali. Msimu mmoja. Nilikuwa nikurudishie kabla hujajua."

"Kwa nini hukuniomba?"

Réal alilitazama tairi miguuni pake.

"Nakuuliza. Ningekataa? Anouk nimembeba mimi mgongoni! Ungesema neno moja ningeyafungua mwenyewe nikakuletea hapa."

"Niliona aibu," Réal alisema. "Baba asingekubali niombe matairi kwa mdogo wangu. Mimi ndiye fundi."

"Na pale hospitali? Ulikuwa umeshayaona. Wewe ndiye uliyelivuta gari. Ulijua, halafu ukasimama mbele ya watu wote ukasema mguu wangu ni mzito."

"Maneno yalitoka tu, Vonne. Na baada ya kutoka..." Akafuta uso kwa kiganja. "Ningeyarudishaje?"

"Miezi tisa, Réal. Umeniacha niitwe Bingwa miezi tisa."

Alilia, mwanaume mzima wa miaka hamsini na mitano, na Maryvonne akagundua kwamba machozi yale hayamgusi. Hilo lilimtisha kuliko hasira. Alijua kwamba akikaa pale dakika mbili zaidi ataanza kumbembeleza, kwa mazoea tu, kwa hiyo akatoka.

Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake. Haikuwa Jumapili. Gratienne alikuwa dirishani, blanketi magotini, anatazama watu wakikwangua vioo vya magari. Maryvonne alivuta kiti, akamshika mikono yote miwili. Njiani alikuwa amepanga jinsi ya kusema taratibu, asimvunje mzee moyo kuhusu mwanawe wa kiume.

"Mama, ile ajali haikuwa mwendo. Yalikuwa matairi. Réal alikuwa ameyabadilisha."

Gratienne hakushtuka. Aliangalia mikono yao, kisha akaitoa ya kwake polepole na kuiweka chini ya blanketi.

"Nani amekwambia?" aliuliza.

Maryvonne alimkodolea macho. Lilikuwa swali la mtu asiyesikia habari mpya.

"Unajua," alisema. "Mama, unajua?"

"Aliniambia Pasaka. Alipiga magoti hapo ulipokaa."

"Pasaka."

"Mimi ndiye niliyemkataza asiseme. Usimlaumu kwa hilo. Watu wakisikia kwamba fundi aliiba matairi ya dada yake, nani tena atampelekea gari? Atakula nini? Anouk naye na mtoto wake? Wewe una kazi ya serikali. Huna watu wanaokutegemea. Na wewe una nguvu, Maryvonne. Tangu mdogo. Unaanguka, unajipangusa."

"Nimekuosha miguu kila Jumapili nikikuomba msamaha."

"Na nilikusamehe. Nilikukatalia hata siku moja?"

"Ulinisamehe kosa ambalo ulijua sikulifanya!"

Sauti ilikuwa kubwa. Mhudumu alichungulia mlangoni, akamtambua muuguzi mwenzake, akarudi nyuma. Gratienne alibana midomo.

"Usinifokee mimi. Ni nyonga yangu iliyovunjika, si yako."

"Na ulikuwa unakataa kupanda gari langu."

"Naliogopa gari lile," mama alisema, na sauti yake ikawa ya kizee ghafla. "Huo haukuwa uongo. Naliogopa kweli."

Maryvonne alisimama. Alitamani mama aseme neno moja zaidi, lolote, hata la hasira. Mama aligeukia dirisha. Huko nje theluji iliyotabiriwa kwa Alhamisi ilikuwa imeanza kabla ya siku yake.

Wiki zilizofuata hakupokea simu ya Réal wala ya mama. Alikwenda kazini, akarudi. Wiki ya kwanza ya Desemba ilimbidi avuke hifadhi ya Laurentides kwenda kwenye mafunzo Québec, kilomita mia mbili za milima na misonobari, na alipofika mteremko wa kwanza alishindwa kuendelea, akasimama pembeni. Alikaa pale, taa za dharura zinawaka, malori yanampita yakimrushia tope. Kisha akaingia tena barabarani. Kwenye kona gari lilitii. Kwenye kona iliyofuata likatii. Akaanza kulia kwa sauti huku anaendesha, kwa sababu sasa alijua kwa mwili wake kwamba hata siku ile mguu wake haukuwa na kosa.

Mkesha wa Krismasi hakwenda kwa shangazi, ambako ukoo wote hukusanyika. Binamu mmoja alimpigia kesho yake, sauti ya chini. Réal alikuwa amesimama mezani kabla pai ya nyama haijakatwa, akasema yote, kuanzia stoo hadi hospitali. Mama hakuinua macho. Anouk, ambaye hakuwa amejua lolote, alimchukua mtoto wake, akavaa koti, akaondoka bila kuaga. Watu walikula kwa sababu chakula kilikuwa mezani.

"Tumeona aibu," binamu alisema. "Lile jina tulilokuita."

"Asante kwa kunipigia," Maryvonne alisema.

Alikuwa ameingoja siku hiyo kwa hamu, akidhani itamtua mzigo. Akakaa jikoni na simu mkononi, akasubiri kujisikia vizuri. Nafuu haikuja.

Januari alianza tena kwenda kwa mama, siku za Jumatano, kwa sababu siku hizi Jumapili Réal huwa pale. Humpelekea machungwa. Huzungumza habari za baridi, za majirani, za mhudumu mpya mwenye mikono baridi. Jumatano moja Gratienne alisema, bila kumtazama, "Kaka yako anakusalimia."

"Nimesikia, Mama," Maryvonne alijibu, akaendelea kumenya chungwa.