Chini ya Ngazi za Meteora

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na sikusaidiwa na mtu kuwa hivyo. Dubai imenifunza mengi kwa makofi, ila kufunga mdomo bado.

Mimi ni dereva wao; nilikwenda uwanja wa ndege kuwapokea madam Lamees, sir na mtoto wao, waliokuwa likizo Ugiriki, pamoja na Jovia, yaya wao, Mganda. Ilikuwa alasiri ya Agosti, joto la kukausha mate. Wakati wote walipokuwa huko mimi nilikuwa nikimzungusha mama yake sir kwa madaktari na maduka ya vitambaa, macho yangu yakawa kama yametiwa mchanga. Mizigo ilizidi gari. Sir akaita teksi, akatangulia na madam na mtoto. Nikaachiwa masanduku, kigari cha mtoto, na Jovia, aliyekaa mbele akavua viatu bila hata kuuliza habari za nyumbani.

"Haya, mtawa," nikamchokoza. "Umetuletea baraka za majabalini?"

Hakucheka. Na Jovia hunicheka hata nisipochekesha.

Jovia ni Mkristo wa Kiothodoksi. Kumbe huko Uganda wapo, tena si haba. Baba yake alikuwa msomaji kanisani Namungoona, na ukutani kwao kulikuwa na kalenda ambayo mwaka wake ulikwisha Jovia akiwa bado shule ya msingi. Haikutolewa, kwa ajili ya picha yake: monasteri za Meteora, zimekaa juu ya majabali wima, ungedhani zilikuwa zikishushwa kutoka mbinguni zikakwama njiani. Zamani watawa walivutwa juu ndani ya wavu, kwa kamba. Siku hizi kuna ngazi zilizochongwa mwambani. Mzee alikuwa akiapa kwamba atafika.

Alifariki Februari, Jovia akiwa huku, hakuzika. Madam alipotangaza kwamba safari itapita Meteora, mama yake alimtumia ujumbe mfupi tu: mwashie baba yako mshumaa kule juu. Tangu hapo sikupumzika. Kila nikisimamisha gari, nionyeshwe picha kwenye simu. Alishanunua na sketi ndefu, maana mwanamke haingii kule na suruali, na sare ya yaya ni suruali.

Sasa njoo kwangu. Siku chache kabla ya safari nilikuwa nampeleka madam saluni, nikataka kumchekesha. Nikamsimulia jinsi Jovia anavyopanda lifti ya kioo kwenye yale maduka makubwa: anafumba macho, anashika mkono wa mtu asiyemjua, anasali kwa Kiganda. Madam alicheka mpaka wanja ukamchirizika. Nikajiona bingwa.

Foleni ilitukamata kabla ya Rashidiya, na hapo ndipo Jovia aliponieleza, taratibu, kama mtu anayesoma risiti. Walifika chini ya monasteri, yeye keshavaa sketi yake. Sir akazitazama ngazi, akasema kigari hakipandi hapa. Madam, kwa huruma kabisa, akamshika bega: usijitese, Sufyan kaniambia unavyoogopa kwenda juu, kaa hapa kivulini na mtoto. Akamnunulia na juisi.

"Si ungemwambia huogopi," nikasema.

"Naogopa. Ningepanda nimefumba macho. Lakini mtu ameshakuhurumia, unaanzia wapi kumkatalia?"

Basi wao wakapanda, yeye akasukuma kigari mbele na nyuma mpaka mtoto akalala. Kengele ililia juu, akaisikia. Madam aliposhuka alimletea zawadi, sumaku ya kubandika kwenye friji, na picha yake karibu ni ile ile ya kalenda.

Jioni ile mama yake angepiga simu. Hilo ndilo lililokuwa limemchosha, si ndege wala masanduku.

Nami, badala ya kuomba radhi, nikafungua duka la ushauri. Nikamwambia amwambie mama kwamba amewasha, nani ataona. Akatikisa kichwa. Nikamwambia Jumapili nitampeleka kanisani Jebel Ali, awashe huko, mshumaa ni mshumaa. Akasema mama hakutaja Jebel Ali. Magari ya mbele yalisogea kidogo, yakasimama tena. Hapo mwenye akili angewasha redio.

"Jovia, dada yangu, Mungu ni mmoja. Anayesikia juu ya mwamba anasikia na chini yake. Kufika umefika, zilibaki ngazi tu. Khalas, usijiumize."

Akanigeukia, mara ya kwanza tangu tutoke uwanja wa ndege.

"Kaka Sufyan, siku utakapofika Makka, arbab wako, huyo bosi, akwambie ubaki kwenye gari na mtoto, wao waende kuiona Kaaba. Mama yako akikupigia, utamwambia umehiji?"